Mate ya Nanyokie

Nanyokie hakuwa mganga, wala hakuwahi kujidai uganga. Alikuwa mama wa watoto sita, wanne kati yao wakiwa hai, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kukandika nyumba. Lakini mate yake yalijulikana. Mtoto akizaliwa, msafiri akiondoka, ng'ombe akizaa kwa shida, watu wa maboma ya upande wa Olbalbal walisema, “Aitwe Nanyokie ateme.” Naye alikuja, akatema mara mbili, kidogo tu kama umande, juu ya paji la uso au kifuani, kisha akamwomba Enkai, Mungu wao. Baraka za mate kila mzee alikuwa nazo, ila zake ziliaminiwa zaidi. Mwaka 1959, walipohamishwa kutoka Moru wakaletwa Ngorongoro, mifugo ya wengi ilifia njiani na yake ikafika salama. Kuanzia hapo wakamwita.

Mwaka wa mvua kubwa, ile iliyokuja baada ya ukame kumaliza ng'ombe, gego lake la juu lilianza kumuuma. Alitafuna magome, akaweka tumbaku, akajifunga shuka kichwani. Wapi! Wiki ya pili alikuwa hawezi hata kunywa maziwa. Mwanawe mkubwa, Senteu, akasema basi, akamwongoza kwa miguu mpaka ukingo wa kreta, wakapata lori la mahindi, wakateremka Karatu mama akiwa ameshikilia shavu kwa mikono miwili.

Pale zahanati kulikuwa na mtu wa meno aliyekuja kutoka Arusha mara moja kwa mwezi. Jina lake Patrisi, mtu mpole wa makamo, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likachoka.

“Ng'oa,” Nanyokie alimwambia, akionyesha kwa kidole. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi.

“Siling'oi, mama. Tundu lake dogo. Nitaliziba, utalitumia mpaka uzeeni.”

“Uzee nimefika tayari.”

Patrisi akacheka, akaanza kukanyaga mashine yake ya kutobolea kwa mguu. Nanyokie alivumilia, macho yakiwa juu ya meza. Aliona kinu kidogo cha kioo na mchi wake. Aliona unga wa kijivu ukimiminwa humo, kisha kutoka kwenye chupa ndogo likatoka tone la kitu ambacho hakuwahi kukiona: maji yasiyolowesha, yanayong'aa kama kisu kipya. Patrisi akasaga, akaweka kwenye kitambaa, akakamua kwa vidole vitupu. Tone la ziada likachomoka, likaanguka kwenye saruji, likapasuka vitone vingi, kila kimoja kikiwa duara kamili. Vikakimbia huku na huku kama vifaranga. Patrisi aliinama na kipande cha kadi akavikusanya. Vingine viliingia kwenye ufa wa sakafu, akaviacha.

Alipomaliza kushindilia dawa jinoni, alichukua bakuli la kusukutulia akalimwaga nje kupitia dirishani. Nanyokie alisikia maji yakianguka mtaroni.

Maumivu yaliisha. Hilo hakuwahi kulikana, hata baadaye.

Wakati Senteu anatafuta lori la kurudia, Nanyokie alikwenda kukaa dukani kwa Kuluthumu, mjane Mwislamu aliyeuza shuka, shanga na sukari. Walifahamiana miaka mitatu.

“Karibu, yeyo,” alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. “Shavu limeshuka! Wamekung'oa?”

Nanyokie akafungua kinywa kwa fahari. Kuluthumu alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akatazama. Uso wake ukabadilika.

“Linang'aa kama fedha. Alichanganya na nini?”

Nanyokie akaeleza kwa mikono zaidi ya maneno: tone, kitambaa, vifaranga sakafuni.

“Zebaki!” Kuluthumu akapiga kofi pajani. “Ewe mwenzangu, hiyo ni zebaki! Marehemu mume wangu alichimba dhahabu kule Lupa. Waliikamulia dhahabu hiyohiyo, wakaichoma kwenye kikaango. Wenzake wawili waliishia kutetemeka kama kuku aliyenyeshewa, kikombe cha chai hawakiwezi. Meno yanalegea, mate yanawatoka bila kukoma.”

“Mate?”

“Mate, mama. Sumu ilikuwa humo humo kinywani.”

Kuluthumu hakujua alichokisema. Alidhani anamwonya rafiki juu ya afya yake. Lakini Nanyokie hakuyafikiria meno yake wala mikono yake. Njia nzima, juu ya magunia, alikaa amefunga midomo, akimeza, na kila alipomeza alijiuliza anameza nini.

Kesho yake jirani yao, mzee Tajewo, alimwita kwa ndama aliyezaliwa dhaifu. Nanyokie akaenda, akainama, akatema. Ni mazoea ya miaka, mate yalitoka kabla ya mawazo. Akasimama kama aliyekanyaga moto. Akiwa bado ametahayari, mke wa Tajewo akamletea mtoto wa punda ambaye naye alitakiwa kubarikiwa, na Nanyokie, kwa kukosa la kusema, akamtemea pia.

Siku ya tatu ndama alikufa. Mtoto wa punda alikuwa akirukaruka mpaka akaangusha ua.

Sasa aamini lipi? Kama mate yalikuwa na sumu, mbona punda mzima? Kama hayana, mbona ndama kafa? Tajewo mwenyewe alisema ndama yule hakuwa wa kuishi, miguu ilishindwa tangu mwanzo. Nanyokie aliitikia kwa kichwa, na moyoni hakuitikia.

Ndipo Nosim, mke wa Senteu, akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Wanawake walijaa nyumbani, moshi na vicheko, na kila aliyeingia alimtemea mtoto baraka akisema ni mbaya, ni mdogo, asije akaonewa kijicho. Zamu ya bibi ikafika. Wote wakangoja. Nanyokie alimpokea mtoto, akamtazama, kinywa kikajaa mate. Akayameza. Akampangusa mtoto paji la uso kwa kidole gumba kikavu, akamrudisha kwa mama yake, akatoka nje.

Jioni ile maziwa aliletewa na mtoto wa jirani, si na Nosim. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Nosim alimfuata zizini, mtoto mgongoni.

“Yeyo, mtoto wangu amekukosea nini?”

“Hajakosa.”

“Au mimi ndiye niliyekosa? Niambie mbele ya mume wangu, nitalipa. Watu wanasema umemwona na jambo baya.”

Nanyokie alitaka kueleza. Lakini katika Kimaasai hakuwa na neno la zebaki, na hata angekuwa nalo, angesema nini? Kwamba kinywani mwake kuna maji ya fedha yanayotetemesha watu huko Lupa, ila labda hayatetemeshi, kwa kuwa punda yuko hai?

“Jino langu halijapona,” alisema. Nosim akamtazama shavu lililopona kabisa, akaondoka.

Mwezi ulipoandama, Nanyokie alirudi Karatu. Safari hii hakungoja Senteu, alipanda lori peke yake. Patrisi alimkumbuka.

“Linauma tena, mama?”

“Haliumi. Hii ni zebaki?”

Patrisi akakunja uso. “Imo, ndiyo. Lakini imechanganywa na fedha, ikishakauka inakuwa jiwe. Haina neno. Ulaya nzima wanatafunia hiyo. Mimi mwenyewe ninazo mbili.” Akafungua kinywa kumwonyesha.

“Ile ya chupa, nikiinywa?”

“Aka! Usinywe.”

“Kwa nini umeiweka maji juu?” Alikuwa ameona chupa ya mabaki dirishani, vipande vya kijivu vimelala chini ya maji.

“Ili mvuke wake usitoke.”

“Mvuke mbaya?”

“Si mzuri kuuvuta.”

“Na hili jiwe kinywani, halina mvuke?”

“Vitabu tulivyosomeshwa vinasema hauna madhara.”

“Na maji ya bakuli, umemwaga mtaroni. Punda wa sokoni wanakunywa huko.”

“Ni kidogo sana, mama.”

“Kidogo ni kiasi gani?”

Patrisi alitazama dirisha lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Nanyokie akavuta kigoda, akamweleza yote: mate, ndama, punda, mtoto wa Nosim. Patrisi alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata mara moja.

“Ningekuwa mama yako,” Nanyokie alimaliza, “ungenipa mwanao nimtemee?”

“Nadhani ningekupa,” Patrisi alisema. Kisha, “Sijui, mama. Habari za mate sikufundishwa.”

“Basi ng'oa.”

“Jino zima? Ni jino jema!”

“Ng'oa.”

Alibishana kidogo, akashindwa, akaling'oa. Lilikuwa na mizizi mitatu na lilitoka kwa taabu. Alipotaka kulitupa kwenye ndoo ya taka, Nanyokie akamshika mkono na kuuliza ndoo inamwagwa wapi. Patrisi akasema shimoni, nyuma ya shamba la ngano. Nanyokie akalichukua jino, akalifunga kwenye karatasi, akatoka nalo. Nyuma yake alimsikia Patrisi akimwambia msaidizi wake kuwa kuanzia leo maji ya bakuli yasimwagwe dirishani. Yamwagwe wapi? msaidizi akauliza. Patrisi akasema ngoja kwanza nifikiri.

Nanyokie naye alifikiri njia nzima. Msituni, lori liliposimama karibu na lango la hifadhi, alitaka kulitupa, akaona nyayo za nyati. Kwenye kijito akasita, kwa kuwa maji yale huenda yakashuka mpaka mashambani kwa watu. Ukingoni mwa kreta alisimama na karatasi mkononi, chini kukiwa na ng'ombe wa watu na nyumbu wa Mungu wakinywa ziwa moja. Nchi yote ile, hakuona mahali pasipokuwa na mdomo wa mtu au wa mnyama.

Alifika boma bado analo. Alimwita Nosim ndani, wakakaa kitandani juu ya ngozi, akafungua karatasi na kumwonyesha. Alieleza kwa jinsi alivyoweza, akilitaja neno la Kiswahili kama lilivyo, zebaki, zebaki, shavu likiwa limevimba upya.

Nosim aligeuzageuza karatasi, akachungulia doa la fedha.

“Yeyo, hiki ndicho kilichokufanya ukatae?”

“Ndicho.”

“Na sasa hakimo?”

“Nimekitoa. Kama kimebaki kingine ndani ya damu, sijui. Aliyekiweka naye hajui.”

Mtoto alilia kidogo, akatulia. Kisha Nosim akamfungua mgongoni, akamlaza mapajani mwa bibi yake.

“Mwanangu hajapata baraka yako tangu azaliwe,” alisema. “Hilo ndilo ninaloliogopa mimi.”

Nanyokie alisukutua kwa maziwa, akayatema nje ya mlango, akasukutua tena. Mate yaliyotoka yalikuwa na wekundu kidogo. Akangoja mpaka yakawa meupe, akatema mara mbili.

Mtoto aliitwa Naisula, akakua mrefu, mkaidi, mwenye afya. Jino lile Nanyokie alilichomeka kwenye kopo la ugoro lililozibwa, akalining'iniza darini kwa ukanda wa ngozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Aliendelea kuitwa kutema. Alikwenda. Ila watu waliomfahamu waliona kwamba kila mara alisita kwanza, amefunga midomo, kama anayeonja kitu asichokijua jina, na alipoulizwa kuhusu ndama wa Tajewo alisema hata leo hajui.