Koti Jeupe la Kariakoo

"Samahani kaka, lishe ulisomea wapi?"

Niliuliza hivyo dukani Kariakoo, na muuzaji wa unga wa virutubisho, kavaa koti jeupe, akajifanya anapanga makopo. Muda mfupi kabla alikuwa amemwambia mama mmoja, ambaye mumewe ana kisukari: "Mzee aache vidonge, atumie hii. Familia nzima mnywe."

"Asante, dokta," mama akasema.

Dokta! Koti kama lile hata muuza nyama wa Buguruni analo, na yeye angalau hamwachishi mtu dawa.

Nikarudia swali. "Sista, umekuja kununua au kuhoji?" Wateja wakacheka. Mtaalamu wa lishe aliyesomea angeuliza nyumbani wanapika nini, mzee anatumia dawa gani, na daktari wake anasemaje. Huyu aliuliza, "Kopo kubwa au dogo?"

Nilimfuata yule mama hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hospitali mnayotibiwa, muulizieni mtaalamu wa lishe. Ila leo, mama, naomba usimwachishe mzee vidonge vyake."