Bogna hataki huruma kwenye kamusi

Saa nne asubuhi, Alhamisi, Kraków, Poland. Bogna Wieruszewska anaweka keki ya mbegu za mpopi mezani. Katika chumba hiki inakoandikwa kamusi ya lugha ya kale ya Waslavi, anayeleta neno huleta na keki, na wenzake hula huku wakilichambua bila aibu.

"Hii keki ya nne," anatania Tymon Gawlas, mpinzani wake mkubwa. "Mama Bogna, neno moja litatunenepesha."

"Wewe kula, mwanangu. Leo utaishiwa hoja."

Neno lenyewe ni *bъrtь, tundu linalochongwa kwenye mti ulio hai ili nyuki waingie. Nyota iliyo mbele yake ina maana kwamba hakuna aliyewahi kuliandika. Waslavi wa kale, mababu wa Wapolandi na Warusi, hawakuwa na maandishi. Bogna amelijenga upya kutokana na maneno ya leo yaliyozaliwa nalo: Wapolandi husema barć, Warusi bort. Ni nomino ya kike, na mwisho wake hubadilika kama wa neno lao la mfupa. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye asili. Bogna anasema limetokana na kitenzi cha kutoboa. Tymon anauliza: na kama nyuki walilikuta tundu tayari, bila mtu kulitoboa? Kwa hiyo rasimu inasema "pengine linatokana na kutoboa", na hilo "pengine" limemnyima Bogna raha kwa miaka mitatu. Mwisho wa mwezi anastaafu.

"Nilikwenda mpaka msitu wa Augustów, nikapanda msonobari kwa kamba, na umri wote huu," anasimulia. "Mfuga nyuki akanicheka. Akasema, 'Mimi najua asali, mama. Maneno ni kazi yako.'"

Anasoma hoja zake. Tymon anasikiliza, anatafuna, kisha anavuta rasimu na kulikata "pengine" kwa mstari mmoja.

"Haya, limepita."

"Nimekushawishi?"

Tymon anatazama sahani. "Unaondoka, Mama Bogna. Tulitaka kukuaga vizuri."

Bogna amekasirika, wala hafichi. "Kuniaga nipeni saa ya ukutani, kama mnavyowapa wengine. Neno halipiti kwa huruma."

Anachukua kalamu na kulirudisha "pengine" kwa mwandiko wake.

Mwezi ujao, kwa pensheni yake mwenyewe, atapanda treni hadi Vilnius, Lithuania, kupekua hati za kale za misitu, akitafuta ushahidi wa neno lake. Analitazamia toleo la pili la kamusi.

"Nimeliandika mimi," anasema. "Nitalifuta mimi."