Laptopu Iliyokaa Juu ya Moto

Mvua ilinikuta Tukuyu mjini, nikajibanza kwenye kibanda cha fundi kompyuta anayenijua kama mwandishi wa gazeti. Mama mmoja kutoka Ikuti akafungua kitenge na kutoa laptopu iliyogoma kuwaka. Fundi aliinusa kabla hajaigusa.

"Mama, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mbegu ya mahindi. Kijana wangu aliniachia, akasema isipate unyevu. Ina picha za marehemu baba yake."

Fundi hakucheka. Alifungua mfuniko wa chini, akapuliza masizi yaliyojaa kwenye feni, akachomoa betri na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda. Akarudishia kila kitu, akachomeka chaja. Kioo kikawaka. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa uiweke chumbani, sio jikoni," fundi akamwambia.

"Chumbani ndiko viatu vya baba yake vilikoota ukungu."

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba watu wa magazeti tuna jibu. Nilipofika nyumbani nikasoma maelekezo ya laptopu yangu. Yanasema iwekwe mahali pakavu. Aliyeyaandika hajawahi kuishi huku Rungwe.