Baba, Mimi na Klachi ya Landrova

Baba yangu aliwafundisha udereva vijana wengi wa shamba la mkonge kule bondeni, upande wa Bendera. Walitoka kila pembe ya nchi, wengine hawajawahi kugusa hata baiskeli, na wote walimsifu kwa upole wake. Mimi upole huo sikuwahi kuuona.

Alipostaafu alirudi kwetu Myamba, milimani Upareni, na Landrova kuukuu aliyouziwa shambani, akawa anashusha tangawizi na ndizi za wanakijiji hadi Maore bondeni na kupandisha mchele. Kisha goti la kushoto likaanza kumsumbua. Kukanyaga klachi kutwa nzima kukawa mateso. Kaka zangu walikuwa kazini mbali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Akasema nitajifunza mimi.

"Mpeleke shule ya udereva Moshi," mama alimwambia. "Kwa mdogo wangu atapata pa kulala."

"Mtu mwingine amfundishe mwanangu kazi yangu mwenyewe?" baba akajibu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku za kazi gari lilikuwa na mizigo, ikabaki Jumapili. Lakini miaka ile ya shida ya mafuta, magari yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwa hiyo somo langu lilibanwa kati ya ibada na saa nane, na mchungaji wetu hakuwa mtu wa kuhubiri kwa kifupi. Nilikaa kanisani nikitazama jua dirishani.

Na somo lenyewe! Nikiachia klachi haraka, gari linaruka na kuzima. Nikiachia polepole, "Unaiunguza!" Nikitazama gia, "Tazama barabara!" Nikitazama barabara, "Husikii injini inavyolia?" Mkono wake haukutoka kwenye breki ya mkono. Kila kona aliivuta kabla sijafanya lolote, kisha akanilaumu kwa kuzimisha gari. Akikasirika sana alihamia kwenye Chasu, Kipare chetu, na wanawake waliotoka kanisani walisimama kando ya barabara wakisikia yote.

Jumapili moja nilizimisha gari tena na tena kwenye kilima kilekile. Baba akashuka, akabamiza mlango.

"Wewe huwezi," akasema.

Nililia kwa hasira mpaka nyumbani. Wiki hiyohiyo mama alinifungia nguo zangu kwenye khanga, nikashuka kupanda basi la Moshi.

Shule nayo haikuwa nafuu kama nilivyodhani. Tulikuwa wanafunzi wengi, gari moja, na siku nyingine halina petroli. Tulishinda darasani tukikariri alama za barabarani ambazo nyingi sikuwahi kuziona njia nzima ya kwetu. Zamu yangu ilipofika nilishika usukani mabega yamekakamaa, nikingoja kufokewa.

Mwalimu alikuwa mtu wa makamo kutoka Songea. "Usiitazame klachi, dada," alisema taratibu. "Isikilize. Injini ikishusha sauti, ujue imeshika. Ikizima tutawasha tena, hakuna aliyekufa."

Ilizima. Akangoja. Nikawasha tena, na gari likaondoka bila kuruka.

"Mwalimu, wewe ulijifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mkonge, kule Bendera. Kulikuwa na mzee mmoja Mpare, dereva mkuu. Siku moja niliingiza trekta mtaroni, hakunipandishia hata sauti. Aliniambia nipumzike, kisha nilitoe mwenyewe."

Nilimjua mzee huyo kabla hajamaliza. Huenda nilipaswa kufurahi. Nilikasirika kuliko siku ile ya kilima.

Niliporudi na leseni, nilimuuliza baba siku hiyohiyo. "Yule wa Songea aliingiza trekta mtaroni, hukumfokea. Mimi nimezimisha gari tu. Kwa nini?"

Alikuwa anachua goti lake kwa mafuta. "Lile lilikuwa trekta la shamba," akasema. "Na kule ni tambarare. Hapa kwetu kila kona ina korongo, na ndani ya gari ulikuwa wewe."

Jibu hilo halikuniridhisha. Nilitaka aseme amekosea.

Kesho yake tulishuka Maore, mimi nikiendesha. Wakati wa kupanda, kwenye kona ya kwanza tu, akavuta breki ya mkono. Gari likazima.

"Baba, toa mkono hapo, au ukae nyuma kwenye magunia."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Alinitazama, akafungua mlango, akashuka, akaanza kupanda mlima kwa miguu, anachechemea. Niliwasha gari nikamfuata taratibu.

"Baba, panda."

"Endesha."

"Baba, goti lako!"

"Nimesema endesha. Ukienda hivyo unaunguza klachi."

Nikampita. Nyumbani mama aliuliza baba yuko wapi. Nikasema anakuja kwa miguu. Aliweka mwiko chini, akatoka kutazama njia. Baba alifika chakula kimeshapoa, goti limevimba, akala hivyohivyo.

Asubuhi alinipa ufunguo bila kunitazama. "Kuna mizigo," akasema. Nikaenda peke yangu, siku hiyo na miaka mingi iliyofuata. Kama naendesha vizuri, hakuwahi kuniambia. Watu walipomsifia binti yake, alijibu, "Kafundishwa Moshi huko," akabadilisha mazungumzo.