Petroli ya Shemeji

Mtu akiniambia petroli ni petroli, huwa naondoka kabla sijamtukana. Kauli hiyo niliisikia kwanza kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuja kututembelea Membley wikendi moja akageuka fanicha.

Gari yangu ni ndogo na kuukuu, lakini ina adabu. Ndani ya kifuniko cha tangi imeandikwa inakunywa nini, na mimi huipa hicho hicho, kutoka kituo kimoja tu hapa Ruiru. Nikikuta pampu zao zimekauka, narudi nyumbani hivyo hivyo. Shemeji aliniona mshamba. "Shem, hao wanakudanganya na matangazo," alikuwa akisema huku akinywa chai yangu. Hajawahi kumiliki hata baiskeli!

Kisha Tata akafariki. Tata ni dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa wa kubebwa mgongoni. Alizikwa kwake, mbele ya Thika. Kwetu, mchungaji akishaomba, watoto wa marehemu ndio humwaga udongo kwanza, mmoja mmoja, kwa mkono. Mimi nilihesabiwa mtoto wake. Alipokata roho sikuwepo, kwa hivyo nilitaka kitu kimoja tu: kumwaga ule udongo.

Jioni ya kuamkia mazishi shemeji akajitia wema. Akapeleka gari kuoshwa Gitothua, eti isituaibishe kwenye msafara. Ilirudi ikimeremeta, geji ya mafuta imepanda hadi juu.

"Nimekujazia, shem. Kuna jamaa yangu pale huuza kwa mtungi. Ni ile ile tu."

Nilimshukuru. Aki nilimshukuru, na nikampakulia nyama kubwa!

Asubuhi tukafuata gari la maiti taa zikimetameta, mimi kwenye usukani, shemeji kando yangu, shosho wawili, vikongwe wa ukoo wetu, nyuma. Kufika Juja gari ikaanza kukohoa. Kufika daraja la Chania ikatetemeka yote na kuzima. Msafara ukatupita. Gari ya mwisho ikasimama. Ilikuwa na nafasi ya watu wawili, nikawapa shosho.

"Ni plagi tu," shemeji akasema. "Dakika tano, shem, tunawafikia."

Zile dakika tano zilikuwa na watoto na wajukuu. Fundi akaja kutoka mjini, akachomoa bomba la mafuta, akakinga kidogo kwenye chupa na kuninusisha. Ngai! Harufu ya stovu.

"Mama, hii imechanganywa na mafuta taa. Lazima tumwage yote."

"Hapana," shemeji akadakia, "petroli ya siku hizi ndiyo hunuka hivyo. Wewe angalia plagi."

Anamfundisha fundi kazi! Hapo nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na kwa sauti iliyowafanya wauza mananasi kuacha kuuza. Sijutii hata moja. Nikamtupia ufunguo, nikasimamisha boda, nikapanda na nguo yangu nyeusi, viatu mkononi. Njia nzima nilimwambia dereva aongeze mwendo, naye akaongeza, maskini, mpaka nikaogopa.

Nilikuta watu kwenye foleni ya chakula. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, hakungoja. Kaburi lilikuwa limejazwa na kusawazishwa, na maua yamechomekwa juu yake kwa mistari. Sikumsalimia mtu. Nilipita katikati ya viti, nikapiga magoti, nikachota udongo uliobaki pembeni, mwekundu, bado una unyevu. Nilipoinua mkono kuumwaga, mama mmoja wa kamati ya mazishi akanishika kifundo cha mkono.

"Pole sana, mwanangu," akaninong'oneza, "lakini utachafua maua. Watu wa kamera hawajamaliza."