Magurudumu Membamba

Wiki ya tatu baada ya maziko, kaka mkubwa wa marehemu alikuja na maboksi matatu matupu na kamba ya katani. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Akayapanga maboksi sebuleni, akasimama kwenye mlango wa chumba kidogo alimokuwa akishinda ndugu yake, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii midoli tuigawe. Wajukuu watafurahi, na wewe utapata pa kuweka vitambaa vyako."

Mjane alikuwa kwenye cherehani, anapiga pindo la sare ya shule. Hakuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Midoli ipi?"

"Hizi ndege."

"Hizo si midoli. Halafu ile ya mezani haijamalizika. Kazi ya marehemu iliyobaki njiani haigawiwi."

"Kasema nani?"

"Nimesema mimi. Maboksi yaache tu, ahsante, nina mabaki ya vitambaa."

Shemeji alikaa kitako, akakubali maji ya kunywa, wala hakubisha tena. Alimjua. Mwanamke yule alipokuwa binti alimfukuza mshenga kwa sababu alisema uongo kuhusu umri wa bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe ikabidi aje kwa miguu yake kusema ukweli. Ndiye huyu waliyemzika.

Rafuni zilikuwepo ndege kumi na moja za kivita, za plastiki, kila moja urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Hakuna hata moja iliyotundikwa kwa uzi kama inaruka. Zote zilisimama juu ya magurudumu. Mtaani walimwita marehemu Rubani, kwa dhihaka, maana walijua hajawahi kurusha hata kishada. "Rubani, leo umetua wapi?" walimuuliza akipita. Naye hujibu, "Mimi nimeshatua. Wewe ndiye bado unaelea." Wanacheka, anapita. Lakini mkewe alijua kuwa lile jina linamchoma, na kwa nini.

Miaka ishirini na miwili marehemu alikuwa fundi wa magurudumu kwenye kiwanja cha ndege za jeshi. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye mafuta na vumbi la breki. Asubuhi moja ndege namba kumi na nne, ya viti viwili, ya kufundishia, ilihitaji magurudumu mapya, na stoo yalibaki yale membamba ya ndege za kiti kimoja. Akasema hayafai. Mkaguzi wake akamwambia yafunge. Akasema tena hayafai, hii ina kiti cha pili na mtu wa pili, ni nzito. Mkaguzi akasema, "Mpira ni mpira. Funga." Akafunga. Saa nne ndege ikatua, gurudumu la kulia likapasuka, ndege ikaacha njia na kulala ubavu. Mwanafunzi akavunjika nyonga. Mungu alisaidia, hakufa mtu. Ripoti ikaandikwa: uzembe wa fundi wa magurudumu. Chini yake, sahihi ya mkaguzi.

Mkewe alipouliza iliwezekanaje gurudumu lisilofaa likaingia, alimjibu kwa lugha ya cherehani. "Ekseli ni ileile, kwa hiyo linaingia. Gauni la mdogo wako nalo litakuingia. Ngoja uiname."

Baada ya hapo aliziba pancha za baiskeli na mikokoteni kando ya barabara, hadi mwaka wa mwisho. Na jioni alitengeneza ndege. Seti za plastiki, zile za vipande vya kuunganisha, aliweza kuzipata. Kilichomtesa ni vipuri vya pembeni, ndivyo alivyoviita: vitu ambavyo kiwanda cha ile seti hakikuvitengeneza, vikatengenezwa na wazee fulani wa mbali kwenye mabanda yao, kwa kumimina resini, aina ya plastiki, kimoja kimoja. Seti ilikuwa ya ndege ya kiti kimoja. Yeye aliitaka ya viti viwili, kwa hiyo alihitaji pua nyingine nzima, ndefu, yenye kioo kirefu na kiti cha nyuma. Aliitafuta miaka mitatu. Aliandika barua, binti yake akazituma kwa simu. Mmoja alijibu kwamba ziliisha. Mwingine akatuma pua ya kipimo kingine, ndogo, na alipoiweka kwenye kiwiliwili ilikuwa kama mtu mzima aliyevishwa kofia ya kitoto. Walicheka siku hiyo, yeye na mkewe, mpaka wakafuta machozi. Mwishowe akampata mzee mmoja mwenye banda lake, akatuma pua sahihi. Marehemu aliikata seti kwa msumeno mwembamba, akaunganisha, akasugua ule mshono mpaka ukapotea. Mikanda ya viti mkewe ndiye aliyeishona, kwa uzi wa hariri, akitumia sindano ndogo kuliko zote alizokuwa nazo.

Yakabaki magurudumu. Ya kwenye seti yalikuwa membamba, sawa, lakini duara kamili. Hilo hakulivumilia. "Mpira wenye ndege juu yake una tumbo," alisema. "Unabonyea pale unapogusa ardhi. Usipobonyea, ndege hiyo haijawahi kushuka duniani." Basi akaagiza kwa yule mzee wa banda magurudumu membamba ya resini yenye tumbo. Akajiandikisha pia kwenye maonyesho ya chama cha wastaafu wa kiwanja, yatakayofanyika kwenye ukumbi wa shule. Alimwambia mkewe, "Nataka waione kumi na nne kama ilivyokuwa asubuhi ile. Basi. Sitasema neno." Kisha moyo ukasimama, siku ya Jumanne, akiwa ameshika kijiko cha chai.

Kifurushi kilifika siku nane kabla ya maonyesho. Binti yao, karani wa zahanati, alikipokea posta akakifungua juu ya meza ya kukatia nguo. Ndani mlikuwa na kifuko chenye magurudumu na barua ya mkono, kwa Kiingereza.

"Soma," mama alisema.

Binti alisoma kimya kwanza, akatabasamu. "Mzee wa watu ana huruma. Anasema hivi: Bwana mpendwa, mwaka jana ulinunua kwangu pua ya viti viwili. Sasa umeagiza magurudumu membamba ya ndege hiyohiyo. Nadhani kalamu iliteleza. Membamba ni ya kiti kimoja. Hii yako ni nzito, hayataibeba. Hakuna fundi anayeijua ndege hii angeyafunga. Kwa hiyo nimekuwekea mapana, ndiyo yake. Uwe na afya."

Mama alishika kingo za meza.

"Rudia hapo kwenye fundi."

"Hakuna fundi anayeijua ndege hii angeyafunga."

"Na huyu mtu hajawahi kufika hapa."

"Mama, huyu anatengeneza vitu vya kuchezea huko aliko. Atafikaje?"

Mama aliinama juu ya meza, akalia kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Alilia kwa sauti, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti hiyohiyo, kwa maneno machache, maana alikuwa akimwomba ushahidi kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa, na hakutegemea ungekuja kwa posta.

"Basi tuyafunge haya mapana," binti alisema baadaye. "Yana hata tumbo."

"Hapana. Baba yako hakukosea kuagiza."

"Lakini membamba hatuna, ila yale ya duara."

"Tuna pasi."

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, alichukua pasi yake ya umeme, akaigeuza tumbo juu, akaiweka kwenye kipimo cha moto wa kupigia hariri. Alianza na magurudumu ya akiba yaliyobaki kwenye maboksi ya zamani ya mumewe. La kwanza likayeyuka kama mshumaa. La pili likabonyea upande, likawa kama shavu la mtu mwenye jino bovu. La tatu alilihesabia pumzi: moja, mbili, inua. Plastiki ilikuwa imetoa tumbo dogo, kulia na kushoto, kama vile kitu kizito kimekaa juu. Binti aliyekuwa akimtazama akasema, "Mama, hilo limeshuka duniani." Ndipo akayaleta membamba yenyewe, akasema "kwa jina lako, Mungu," akayagusisha pasi. Kwa gundi aliibandika kumi na nne juu yake. Ilisimama imeinamia kidogo kulia. Aliiacha hivyo.

Siku ya maonyesho shemeji alikuja kuibeba, kwenye boksi lake lilelile, akilishika kama mtoto anayetaka kulia. Njiani akasema, "Shemeji, nakuomba. Mkaguzi ndiye mwenyekiti wa chama sasa. Usituletee maneno."

"Sina maneno. Nimeyaandika."

Kweli aliyaandika, kwenye kadi ya kubandikia bei za nguo. Ndege ya viti viwili, namba kumi na nne. Magurudumu ya kiti kimoja. Yalifungwa kwa amri. Fundi alikataa mara mbili. Pembeni aliweka barua ya mzee wa banda na tafsiri yake, na yale mapana ndani ya kifuko chake, juu ya kipande cha kitambaa cheupe. Kisha akakaa nyuma ya meza na mkoba wake mapajani.

Mkaguzi mstaafu alikuja akipita meza moja baada ya nyingine, na wastaafu wengine sita nyuma yake. Alikuwa amenyooka bado, suti imepigwa pasi vizuri. Alifika, akampa mkono.

"Pole kwa msiba, mama. Marehemu alikuwa na mikono."

"Ahsante, mzee. Tumeshapoa."

Akainama kuitazama ndege, mikono mgongoni. Ilimvutia, ilionekana. Alitazama kioo, viti, mikanda. Kadi hakuitazama, mtu wa ndege hutazama ndege kwanza. Akafika chini, akaguna.

"Kazi nzuri sana. Ila hapa alipitiwa. Magurudumu haya siyo."

"Siyo vipi?"

"Si ya ndege hii. Ya viti viwili ni mapana. Haya ni ya kiti kimoja." Akawageukia wenzake, akicheka kidogo. "Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hafungi hivi."

Wenzake hawakucheka. Mmoja wao, mchomeleaji wa zamani, alikuwa ameshaisoma kadi.

"Tafadhali rudia, mzee," mjane alisema. "Sikio langu hili ni zito."

Mkaguzi alianza kurudia. Macho yake yakapanda kwenye mkia, yakaiona namba. Yakateremka kwenye kadi. Hakumaliza.

"Kwani mpira si mpira?" mjane aliuliza. "Sivyo ulivyomwambia?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Haya ni maonyesho ya mambo ya zamani. Imeandikwa mlangoni."

Mchomeleaji alikohoa. Shemeji alitazama viatu vyake.

"Hiyo kadi iondoe," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini. "Si mahali pake."

Mjane alifungua mkoba akatoa mkasi, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, akauweka mezani kando ya ndege.

"Niambie neno lipi hapo si kweli. Nitalikata hilo tu. Kukata najua."

Mkaguzi aliisoma kadi. Aliisoma polepole kutoka juu hadi chini, kisha akaisoma barua, na alipofika mahali fulani midomo yake ilitembea. Mkasi ulikuwa pale. Mwishowe alikunja miwani, akaitia mfukoni, akaenda meza ya pili, ambako walikuwa wameweka picha za timu ya kandanda ya kiwanja. Alizitazama kwa muda mrefu mno.

Mchomeleaji alibaki. Alivua kofia.

"Mara mbili alikataa," alisema. "Nilikuwa chini ya bawa. Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na watoto wanne, mama."

"Yeye pia alikuwa na mtoto. Sema sasa, basi. Kalamu hii hapa."

Akaandika chini ya kadi, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwa chaki kwenye chuma: Nilisikia. Akaweka sahihi. Kabla ya ukumbi kufungwa, zikaongezeka sahihi mbili. Hakuna ripoti iliyobadilishwa siku hiyo, na mkaguzi aliondoka bila kuaga. Mjane hakumwombea mabaya. Alisema tu kwamba Mungu anajua uzito wa kila kitu, naye hatapunguza hata kidogo.

Jioni walirudi kwa miguu, shemeji amebeba boksi. Muuza vocha wa kwenye kona akapaza sauti, "Mke wa Rubani, ndege imetua salama?"

Mjane akasimama.

"Mume wangu hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa magurudumu. Sema hivyo."

"Ah, mama, ni utani tu."

"Najua. Sema."

Muuza vocha akalitazama boksi, akamtazama shemeji kama anaomba msaada. Shemeji akaliegemeza boksi kifuani.

"Sema, bwana," alimwambia. "Mzigo huu mzito."