Giza la Saa Sita Mchana

Mama Pazia alianza na mapazia ya maua, kama kila mtu. Waridi, vipepeo, kasuku wawili wakitazamana. Aliyemgeuza ni mwoka mikate mmoja aliyeingia dukani saa nne asubuhi, macho mekundu kama nyanya, akasukuma waridi na vipepeo kando na kusema, "Mama, mimi nalala wakati ninyi mnafua nguo. Maua sitaki. Nataka giza."

"Giza lipo," akajibu Mama Pazia bila kupepesa jicho. "La kiasi gani?"

Halikuwepo hata chembe. Lakini kufika saa kumi mwoka mikate alikuwa ameondoka na kitambaa cheusi cha tabaka mbili, na Mama Pazia amepata biashara ambayo mtaa mzima haukuwa nayo. Tangu hapo akawa anapima: giza la kusinzia, tabaka moja; giza la kulala, tabaka mbili; na giza la mawe, tabaka tatu, kwa watu wa zamu. Mshonaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hakuipenda lugha hiyo.

"Wifi, giza halishonwi," alisema pini zikiwa mdomoni. "Ukizima taa, giza halitoki popote kuja. Lilikuwepo. Wewe unauza kizuizi cha jua."

"Haya, andika 'kizuizi' kwenye kibao cha duka tuone nani ataingia."

Ukweli ni kwamba Mama Pazia alijua kuliko wifi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amelichunguza giza kama muuza nyama anavyochunguza paja. Alijua kwamba giza haliingii chumbani. Ni mwanga unaotolewa. Alijua mwanga hauna haya: ukiufungia dirishani unapita chini ya mlango, ukiziba mlango unachungulia tundu la ufunguo. Tena alijua siri moja ambayo hakumwambia mteja yeyote, kwamba giza la dakika ya kwanza ndilo zito kuliko yote. Macho yakitoka juani hayaoni kitu. Yakikaa kidogo, yanaanza ujanja. Kwa hiyo mteja aliingizwa kwenye chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, Mama Pazia akahesabu kimoyomoyo hadi arobaini, akamtoa. Wote walitoka wakisema, "Hili sasa ndilo giza!"

Ndipo ikaja habari ya hosteli ya wauguzi. Madirisha thelathini na mawili, wote watu wa zamu ya usiku, wote wanataka kulala mchana. Mama Pazia hakungoja kukubaliwa. Alisikia muuzaji wa jumla anafunga stoo, akabeba majora manne ya kitambaa cheusi kwa bei ya kutupa, akatia humo akiba yake yote.

"Na hosteli wakikataa?" wifi akauliza.

"Watakubali."

"Wakikataa, wifi, hicho kitambaa tutamuuzia nani? Watu hawafiwi kwa wingi hivyo."

Hosteli ilikuwa chini ya Matroni, mwanamke mrefu aliyetembea kifua mbele, mkono mmoja umeshika saa aliyoibana kifuani, kana kwamba saa hiyo ingetoroka. Alimpokea Mama Pazia kwenye chumba cha chini kinachotazama lango, ambako pazia la sampuli lilikuwa limeshatundikwa.

"Tutakaa humu nusu saa, saa sita kamili," akasema Matroni. "Nikiona vidole vyangu, unabeba pazia lako."

"Nusu saa, Matroni? Dakika moja inatosha. Giza ni giza."

"Mama, nimefanya zamu ya usiku miaka ishirini na sita. Usinifundishe giza."

Mama Pazia akajua amekutana na mtu. "Basi dakika tano."

"Dakika ishirini."

"Tano na nyingine tano, kwa heshima yako."

"Robo saa, na hapo nimekuonea huruma."

Wakashikana mikono. Matroni akafunga mlango. Mama Pazia akavua mtandio wake na kuusokomeza chini ya mlango bila kuombwa. Wakakaa kitandani, migongo dirishani, nyuso ukutani. Dakika ya kwanza ilikuwa kama lami.

"Si mbaya," ikasema sauti ya Matroni.

Dakika ya tatu Mama Pazia aliona kitu ukutani. Rangi ya bluu, chini karibu na sakafu. Juu yake kijani, na juu kabisa kahawia ya ardhi. Kisha ile kahawia ikapitwa na baiskeli, magurudumu juu, mwendeshaji kichwa chini.

"Yesu wangu," akasema Matroni. "Ni nini hicho?"

Mama Pazia akageuka. Katikati ya pazia palikuwa na tundu, dogo kama punje ya dengu. Wifi! Asubuhi ile alipiga pazia pasi ya mkaa, kaa likadondoka, na mwanamke yule akanyamaza kimya. Majora manne yakamjia mbele ya macho. Akanyoosha mkono nyuma kama anayejikuna mgongo, akaziba tundu kwa kidole gumba. Ukuta ukafa.

"Rudisha!" Matroni akafoka.

"Nirudishe nini, Matroni?"

"Toa hicho kidole! Lile ni lango langu!"

Kidole kikatoka, na lango likarudi, juu chini. Pale palikuwa na mlinzi wa hosteli, kofia kuelekea sakafuni, pamoja na muuza maji aliyejishika tumbo kwa kicheko. Mlinzi alikuwa anatembea huku na huku, kifua mbele, mkono mmoja ameubana kifuani.

"Anafanya nini yule?"

"Anatembea, Matroni."

"Naona anatembea. Anatembea kama nani?"

"Mtu akiwa kichwa chini, Matroni, ni vigumu kumlinganisha."

Mlinzi akasimama, akainua saa yake ya kufikirika, akamtikisia kidole muuza maji. Muuza maji akaanguka, yaani akaangukia juu. Mlinzi akarudia tangu mwanzo, safari hii akiongeza nyonga.

"Mimi nina nyonga vile?"

Kuna maswali ambayo muuzaji hajibu hata kwa faida maradufu.

Hatimaye Matroni akajikung'uta, akasimama. "Pazia lako lina tundu. Limepitisha mtaa mzima. Hilo ni giza?"

"Fungua mlango, Matroni."

Akafungua. Mwanga wa ukumbini ukamwagika ndani, na lango, mlinzi na muuza maji wakafutika ukutani.

"Wamekwenda wapi?" akasema Mama Pazia. "Tundu liko palepale. Picha ile haikai ila penye giza la kweli. Ungekuwa na pazia bovu ungeona ukuta mtupu. Mlinzi wako ndiye shahidi wangu."

Matroni akaishika saa yake. "Dakika kumi na nane zimepita."

"Tulisema kumi na tano. Vidole umeviona?"

Ilionekana wazi kwamba Matroni alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa mtu aliyeandika ripoti za kweli kwa miaka ishirini na sita.

"Sikuviangalia," akasema.

"Basi hukuviona."

"Thelathini na moja yawe mazima," Matroni akanguruma. "Hili libaki. Chumba hiki nakigeuza ofisi yangu. Na unipunguzie, lina kasoro."

"Kasoro? Tundu hilo lina bei yake."

Walivutana hadi chai ikaletwa na kupoa. Mwishowe tundu halikuongezewa bei wala kupunguziwa, ila Mama Pazia akakataa katakata kuziba chini ya milango bure, akachukua mtandio wake.

Langoni mlinzi alimfungulia kwa tabasamu pana. "Mama, vipi? Yule kakubali?"

Mama Pazia alimtazama. Kijana wa watu, mcheshi, ana watoto pengine. Lakini madirisha yalikuwa thelathini na mawili, na ya mlinzi hayakuwemo.

"Kakubali," akasema. "Na anakusifu sana kwa mwendo wako."